Nguru wa Ndugu Mbwana

Ipagala, Dodoma
22 Julai 2024

Wifi yangu mpenzi Tabu,

Asalaam aleikum warahmatullah. Hujambo wewe, shemeji na watoto? Lile goti lililokuzuia kuja limepoa au bado linakunyima usingizi? Sisi huku tu wazima wa viungo, Alhamdulillah. Wa moyo, tunasema hatujambo kwa sababu ndivyo mtu anavyojibu.

Utashangaa nakuandikia karatasi wakati simu ninayo na salio lipo. Wifi, siku hizi nikisema neno kwenye simu nalikuta kwenye kundi la familia kabla sijamaliza kukohoa. Anayelipeleka Mungu anamjua. Hii namkabidhi Thomas wa lori la alizeti. Yeye hana haja na mambo ya watu, anajali tairi zake tu.

Jumamosi wakwe walikuja kujitambulisha kwa ajili ya Sabrina wetu. Wewe ndiye shangazi yake, ungekuwepo pengine mambo yasingefika huku. Alikuja kijana mwenyewe, Masudi, kakaa anachezea vidole vyake. Alikuja mama yake, Bi Shamila, yule wa Pangani anayekaa Kikuyu tangu mumewe alipohamishiwa huku. Na kwa kuwa huyo mume ni marehemu, mzungumzaji wao alikuwa baba mdogo wa kijana, Ndugu Mbwana. Huyo ndiye amenifanya nikuandikie.

Ndugu Mbwana ni mtaalamu wa samaki. Tena si samaki hawa wa kula, ni wale wa chini kabisa baharini kusikofika jua, wanaowinda wenzao gizani. Hayo tumeambiwa kabla hajavua viatu. Alipokaribishwa kiti alitoa leso akakifuta. Kiti changu, wifi, nilichokisugua tangu alfajiri.

Asubuhi alikuwa ametangulia kuleta boksi la barafu. Ndani mna minofu mikubwa, nyeupe. "Huyu ni nguru wa bahari kuu, mama. Msije mkamchemsha kama perege wa Mtera." Nikamuuliza kichwa kiko wapi na ngozi iko wapi. Unajua kwetu mgeni hawekewi nyama mpaka aione ngozi imetandazwa uani, ajue amechinjiwa nini. Alicheka mpaka miwani ikamteremka. "Mama Sabrina, huyu si beberu wa Kondoa!" Vijana wake waliobeba boksi nao wakacheka. Kipande kimoja tu kilikuwa kimebakiwa na ngozi pembeni, nyeusi, inakwaruza kama msasa. Nikakitenga kwenye friza ya jirani yangu Rose, nikijua mpishi hakosi kipande chake baadaye.

Nikapika. Samaki akaachia mafuta, mwenzangu, sijapata kuona. Mepesi, yanang'aa, hata harufu mbaya hayana. Sasa mimi nimelelewa vipi? Mtu unayemheshimu unamwagilia samli juu ya wali mpaka punje zing'ae. Nikasema, mafuta mazuri hivi yamwagwe? Nikayachota na upawa, nikayapitisha kwenye sinia la wazee, na la Ndugu Mbwana nikalizidishia. Watoto na majirani walikula mkekani uani. Nilimwonyesha kwamba kufuta kwake kiti sikukuona. Alikula, akajilamba, akasema, "Hapo sasa umepika."

Jumapili, wifi, sijui niandikeje. Hakuna tumbo kuuma, hakuna homa. Ni mafuta tu, rangi ya chungwa lililoiva, yanajitokea yenyewe bila kubisha hodi. Mtu amekaa anazungumza, hana taarifa. Baba yangu mdogo, mzee Uwesu, amekaa juu ya gunia tangu jana na hataki mtu amsemeshe. Na Ndugu Mbwana alikuwa kwenye kikao cha ukoo wao, kanzu nyeupe, akainuka kutoa neno la shukrani. Waliokaa nyuma yake ndio walioshuhudia. Nimeambiwa alimaliza hotuba yote ndipo akaambiwa.

Alinipigia. Sauti kama anamkemea mtumishi. "Mmetulisha uchafu." Nikasema nilipika ulicholeta. Akasema yeye hawezi kukosea samaki, na kwamba watu wa bara hatujui usafi wa jiko la samaki, tumezoea mlenda. Nikahi ya tarehe 23 Agosti ameisimamisha hadi niandike barua ya kuomba radhi, isomwe mbele ya pande zote mbili. Masudi, Sabrina akimpigia, anajibu, "Tuwasubiri wazee."

Mtoto hali, anazunguka na ndoo tupu. Mimi nimeswali, nimeomba, sijaona njia. Niandike hiyo barua niokoe ndoa? Au nikatae nimpoteze mkwe? Nishauri, wifi.

Wako,
Mwanne


Haneti
28 Julai 2024

Wifi Mwanne,

Waaleikum salaam. Goti liache, goti leo halina maana.

Nimesoma barua yako mara ya kwanza nikacheka mpaka shemeji yako akaja kuuliza. Nimesoma mara ya pili nikakasirika, na hasira hiyo nimeigawa. Nyingi ni ya huyo Mbwana, ila na wewe una fungu lako.

Wewe, mtu anafuta kiti chako na leso, na wewe unamzidishia mafuta! Ungemwachia wali mkavu akautafune.

Kuomba radhi usithubutu. Ukiandika hiyo karatasi Sabrina ataingia nyumba ile kama mtoto wa mpishi mchafu, na kila akigusa sufuria wataangaliana. Ndoa ya namna hiyo mimi shangazi yake siisimamii. Nani atampeleka? Nani atakaa naye ndani? Waniletee huyo mtaalamu anifute na mimi na leso.

Sasa nijibu haya. Waliokula mkekani uani, wale watoto na majirani, nao yaliwatoka kama wazee? Au wao kidogo? Wewe ulikula? Na huyo Bi Shamila, yeye yalimpata? Umeandika habari za kila mtu, yeye hujamtaja.

Na fanya hivi. Mwandikie huyo bwana barua fupi, ya heshima, umwombe akutajie kwa maandishi jina la samaki wake na ukoo wake. Sisi hapa mtu akija kuposa, kabla hajapewa hata maji tunamuuliza: wewe ni wa mlango gani, mama yako katoka kwa nani? Yeye ametuletea samaki amekatwa kichwa, amechunwa, hana mlango wala mama, tukamla kwa kuwa tu kaletwa na msomi. Hapo ndipo tulipokosea. Atamke ukoo wa samaki wake kwa kalamu yake mwenyewe, kisha tuone.

Karanga nimempa Thomas. Mpe Sabrina azikaange, apate kitu cha kutafuna.

Mimi wifi yako,
Tabu


Kikuyu, Dodoma
5 Agosti 2024

Kwako Mama Sabrina,

YAH: CHAKULA KILICHOTOLEWA NYUMBANI KWAKO TAREHE 20 JULAI

Nakiri kupokea barua yako inayouliza aina ya samaki. Nimeshangaa kidogo, kwa kuwa maelezo haya hayana msaada kwa mtu asiye na msingi wa elimu hii. Hata hivyo nitajitahidi kuyarahisisha.

Viumbe hupangwa kwa ngazi. Spishi zinazokaribiana huwekwa katika jenasi moja, jenasi zinazokaribiana katika familia moja, na kuendelea juu. Mtaalamu hampangi samaki kwa ladha wala kwa maneno ya sokoni. Huangalia ngozi na magamba, idadi ya mapezi, umbo la meno, na mstari unaopita ubavuni. Kwa mfano, samaki wawindaji wa kina kirefu, ambao ndio fani yangu, wako wenye meno marefu kiasi kwamba mdomo hauwezi kuyafunika, wako wenye taa mwilini za kuvutia mawindo, na wako wanaopanda juu usiku kuwinda na kushuka kunapokucha. Mtu wa kawaida akiwaona atasema wote ni majini. Mimi nawatenganisha kwa jino moja.

Nguru yuko katika familia moja na jodari. Ni samaki wa hadhi. Samaki niliyeleta alikuwa nguru, na hilo halina mjadala.

Sasa fuatilia kwa makini. Nguru hana mafuta mengi. Nyumbani kwako alitoa mafuta ya kujaa upawa. Kwa kuwa mafuta hayo hayawezi kuwa ya nguru, na samaki alikuwa nguru, ni lazima mafuta yaliongezwa na mpishi. Nimeulizia nikaelezwa kwamba unatumia mafuta ya alizeti ya kukamuliwa kienyeji, yanayoletwa na ndugu yako kutoka Haneti. Sina shaka chanzo ni hicho. Mafuta ya vijijini hukamuliwa katika mazingira ambayo sipendi kuyaeleza hapa.

Sikulaumu wewe binafsi. Mazingira ya mtu ndiyo humfanya. Unachotakiwa ni kukiri kwa maandishi, nasi tutakuwa tayari kusamehe na kumpokea binti, ambaye natumaini ataweza kufundishika.

Nategemea majibu yako mapema.

Mbwana
Mtaalamu, Samaki wa Kina Kirefu


Ipagala
9 Agosti 2024

Wifi yangu Tabu,

Asalaam aleikum. Karanga zimefika, Sabrina kala kiganja kimoja mbele yangu, nimeshukuru. Goti lisugue na mafuta ya mnyonyo, usiniambie halina maana.

Barua ya Ndugu Mbwana hiyo hapo, nimeikunja pamoja na hii. Isome ukiwa umekaa. Alichoandika kuhusu mafuta yako ya alizeti nakuomba usimrushie Thomas hasira, yeye ni mbebaji tu.

Umeniuliza maswali, nakujibu. Wa mkekani yaliwatoka kidogo, wengine hawakupata kabisa, maana wao niliwawekea kipande kidogo kikavu. Mimi nilikula kidogo na yalinipata, niliona aibu kukuandikia. Bi Shamila hayakumpata, kwa sababu hakula. Siku ile alisema amefunga sunna, nikamwombea funga njema. Nimekaa nafikiri: amefunga Jumamosi, siku ya kwenda kwa wakwe?

Basi nikiwa katika kufikiri, jana kaja mwenyewe. Peke yake, kwa pikipiki, amejifunika ushungi mpaka machoni. Hakukaa sebuleni, alikuja moja kwa moja jikoni. "Mkwe, ile ngozi bado unayo?" Nikaenda kwa Rose nikaileta. Akapitisha kidole gumba, kuja na kurudi, akatikisa kichwa.

"Si nguru huyu," akasema. "Kwetu Pangani mtoto anayetambaa anajua. Nguru ngozi yake laini, unamtelezesha mkono. Huyu ana miiba midogo kila mahali. Anatoka chini sana, anafanana na jamaa za jodari, na nyama yake tamu, lakini amejaa mafuta yasiyokaa tumboni. Wavuvi wakimnasa, mwenye imani anamtupa. Asiye na imani anamkata minofu anamuuza kwa jina la mwingine."

Nikamuuliza, ulijua lini? Akanitazama, wifi, hata kope hakupepesa. "Tangu boksi lilipofunguliwa kwetu, kabla halijaja kwako. Niliona ile ngozi."

Nikamwambia, ulijua, ukatuacha tule? Mzee Uwesu ana miaka yake! Akasema: "Nilitaka Mbwana aumbuke. Tangu mume wangu afariki ananifanya mjinga ndani ya nyumba yangu. Ananifundisha mimi samaki, mimi! Anasoma kwenye karatasi ananisomea. Nikasema leo ale kitoweo chake. Sikujua wewe utayakusanya yale mafuta uwamwagie wazee wote. Nani anakula mafuta ya samaki kwenye wali? Hayo yenu ya huku yalinishinda kuyawazia."

Yaani hata akiungama ananidharau. Na hakuja kuomba radhi. Alikuja kuniomba ninyamaze, Mbwana asijue kwamba yeye alijua, maana ndiye anayesimamia mambo ya mirathi ya watoto. Akasema nikikubali atambembeleza Mbwana alegeze, barua ya radhi iwe fupi, isomwe ndani tu.

Sikumpa jibu. Nilimpa chai, akanywa, akaondoka. Ile ngozi nakuletea na Thomas ndani ya barafu, kwako itakuwa salama zaidi. Ninayo aibu ya mafuta, hiyo ni yangu na nimeibeba. Ile nyingine wameniwekea kichwani wao, na bado wanataka nitembee nayo kwa adabu. Nimekuambia wewe tu. Tafadhali jina la Bi Shamila lisitoke kinywani mwako, nimeona mwanamke mwenye hofu hata kama ana kiburi.

Nakuombea usiku na mchana.

Wako,
Mwanne


Haneti
13 Agosti 2024

Ndugu Mbwana,

Salaam. Mimi ni Tabu, shangazi wa Sabrina upande wa baba. Ndimi yule ndugu wa Haneti mwenye mafuta ambayo hupendi kuyaeleza. Mimi nitayaeleza: alizeti yangu mwenyewe, inakamuliwa kwa mashine, nimekaa kwenye kigoda naangalia. Watu wa hapa wanayala mwaka mzima na nguo zao ni safi. Zako je?

Nimeisoma barua yako kwa wifi yangu. Nimesoma kwa kuweka kidole, ndivyo nilivyofundishwa, nikafika mwisho. Umeandika kwamba samaki hujulikana kwa ngozi, magamba, mapezi, meno na mstari wa ubavuni. Vizuri. Sasa nieleze, huyu wa kwako ulimwona jino lipi? Ulihesabu pezi gani? Alikuja hana kichwa, hana mkia, hana ubavu. Wewe ulimtambua kwa kusoma boksi. Kusoma boksi hata mimi naweza.

Halafu umekuta mafuta ambayo nguru hana. Mwenye akili angesema, basi huyu si nguru. Wewe umesema, basi mpishi ni mchafu. Kwa hiyo miaka yote hiyo ya masomo ilikuwa ya kujifunza kumsingizia mwanamke mjane jikoni kwake.

Ipo ngozi. Ilibaki kwenye kipande kimoja, wifi yangu aliitenga siku ileile, wewe ukiwa unacheka habari za beberu. Nimekata nusu yake nakuletea kwa mkono wa Thomas, ndani ya chombo cha plastiki chenye barafu. Nusu nyingine ninayo mimi. Ipeleke kwa wenzako kazini waipangie familia yake. Ukishindwa, goti langu linaelekea kupona. Nitapanda basi nije mpaka mapokezi ya ofisi yenu, nitoe ngozi kwenye khanga, niulize kwa sauti yangu hii: ni nani hapa mtaalamu wa samaki wa kina kirefu, aliyekula ukoo asioujua mpaka kanzu ikabadilika rangi?

Barua ya radhi ya wifi yangu usiisubiri.

Nijibu haraka, maana barafu haisubiri.

Tabu


Kikuyu, Dodoma
19 Agosti 2024

Kwako Mama Sabrina,
Nakala: Bi Tabu, Haneti

YAH: MAREJEO YA UTAMBUZI WA SAMPULI

Kufuatia uchunguzi wa kina uliofanywa na mwenzangu mmoja ofisini (aliomba asitajwe, na alifanya hivyo kwa kicheko kisichokuwa cha lazima), imebainika kwamba ngozi husika ina vijimiiba vya mfupa vilivyosambaa katikati ya magamba. Nguru hana sifa hiyo. Sampuli imewekwa katika familia nyingine, iliyo jirani na ile ya nguru na jodari, ya wawindaji wa kina kirefu wenye macho makubwa. Samaki huyo huishi mamia ya mita chini ya maji, na mafuta yake ni ya aina ya nta, humsaidia kuelea, ila tumbo la binadamu haliwezi kuyasaga.

Ieleweke kwamba kosa ni la msambazaji aliyeandika boksi. Mtaalamu yeyote angeweza kupotoshwa. Ieleweke pia kwamba madhara yasingekuwa makubwa kama mafuta yangemwagwa, jambo ambalo kwa watu wa pwani halihitaji kuelekezwa.

Kwa msingi huo shauri limefungwa. Nikahi iendelee tarehe 23 kama ilivyopangwa. Upande wetu hauna tena kinyongo.

Naomba Bi Tabu asisumbuke kusafiri.

Mbwana


Ipagala
21 Agosti 2024

Wifi yangu mpenzi,

Asalaam aleikum warahmatullah. Wazima huko? Thomas kanieleza namna Ndugu Mbwana alivyopokea kile chombo, alikishika kwa vidole viwili kama kimemuuma. Nimecheka, Mungu anisamehe, nimecheka peke yangu jikoni mpaka nikashika ukuta.

Barua yake umeiona. Hana kinyongo, eti! Ametulisha nta, ametutukana mwezi mzima, na sasa anatusamehe. Nilimsomea mzee Uwesu, akasema neno moja ambalo siwezi kuliandika karatasi inayopita mikononi mwa watu. Lakini moyo wangu ulitulia. Jina langu limesafishwa, nikajua nikahi ipo, nikaanza kuchambua mchele. Hata majirani niliwapa habari.

Jana jioni Masudi kaja. Kachangamka, kajipulizia manukato, kaleta kitambaa cha shela. Nilimwandalia chai, nikakaa upande wa pili nashona kifungo, nikimsikiliza anavyoongea na Sabrina. Anasema, "Unaona? Nilikwambia tuwasubiri wazee, yamekwisha." Sabrina kamuuliza taratibu tu, "Wewe ulidhani mama yangu ndiye aliyeharibu chakula?"

Na kijana, wifi, akacheka. Akasema, "Hapana bwana. Mama aliniambia siku ileile tukiwa kwenye gari kwamba yule si nguru."

Sindano ilinikaa kidoleni.

Sabrina akasema, "Siku ileile."

"Eeh. Ila ni baba mdogo, ningesemaje? Nikaona nisiingilie. Si yameisha lakini?"

"Alipoitwa mchafu ulikuwa unajua."

"Sabrina, kwa nini tunafukua? Watu wazima wamemaliza."

Mtoto hakupaza sauti. Aliinuka, akachukua kile kikombe cha chai mbele yake, kikiwa na nusu, akaenda kukiosha. Akakifuta. Akakirudisha kabatini. Kisha akarudi akasimama mlangoni, akamwambia, "Nenda salama, Masudi." Akamkabidhi kitambaa chake kikiwa kimekunjwa vizuri kuliko alivyokileta.

Masudi kanigeukia mimi. "Mama, ongea naye."

Na nikuambie ukweli, wifi, neno lilinifika mdomoni. Nilitaka kusema mwanangu, vumilia, wanaume ndivyo walivyo, mchele nimeshauchambua. Nilikuwa nataka hii ndoa, wewe unajua nilivyoitaka. Nimemlea peke yangu, nilitamani nimwone kwake kabla macho hayajachoka. Lakini nikamtazama yule kijana, sura yake nzuri, mikono misafi. Mbwana namdharau kwa kusema asichokijua, na dharau hiyo ni nyepesi, unaipumua inatoka. Huyu na mama yake ni wa namna nyingine. Wanajua, wanakaa, wanakutazama unavyozama, na wanakunywa chai yako. Nikamwambia, "Baba, chai imekwisha." Akaondoka.

Bi Shamila kapiga simu leo asubuhi, anauliza nimemwambia nini mwanawe. Nikamjibu sikumwambia chochote, siri yako ilitoka kwa mwanao mwenyewe, akiwa anacheka. Akasema, "Watu wa bara mna mambo makubwa kwa vitu vidogo." Nikamtakia siku njema, nikakata. Nilikuwa na maneno, wifi, Mungu shahidi, lakini kila nililolishika niliona ni la heshima kupita anavyostahili.

Ndugu Mbwana ametuma ujumbe kwamba tumewaaibisha na kwamba familia yao haijawahi kukataliwa. Sijajibu. Keshokutwa ni tarehe 23. Majirani wataanza kuja na vyombo, wengine hawajasikia, nitawaambia mmoja mmoja uani, na nitawapikia huo mchele wale. Kuutupa ni dhambi.

Sabrina hajalia mbele yangu. Amelala, ameamka, amefagia uwanja mara mbili. Anachotaka ni kuja kwako akae kidogo, akusaidie kupura alizeti, asisikie mtu akimpa pole. Nimemkubalia. Anaweza kuondoka Jumamosi na basi la asubuhi. Nakuomba usimuulize kitu mpaka aseme mwenyewe, na usimtukanie Masudi mbele yake, hata kama utatamani sana. Nakujua.

Nijulishe upesi kama Jumamosi kuna mtu wa kumpokea hapo Haneti, au nimzuie mpaka Jumatatu. Nasubiri jibu lako.

Wifi yako akupendaye,
Mwanne